Msukuma Machela Anayesubiri Ganzi

Saa tatu asubuhi, kwenye chumba cha dharura, mchukuzi wa wagonjwa amesimama kando ya machela, mikono nyuma, hasogei. Juu ya machela amelala bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Chumba cha eksirei kimeshapiga simu mara mbili.

"Naambiwa niharakishe," anasema mchukuzi, bila kupandisha sauti. "Bibi hajachomwa ganzi. Simgusi."

Muuguzi wa ganzi anafika. Anapitisha kifaa cha ultrasaundi kwenye kinena cha bibi, anatafuta inapopita mishipa ya fahamu, kisha anachoma sindano. Nusu saa baadaye anamuuliza anajisikiaje.

"Mguu bado ni wangu," bibi anajibu, "ila umeacha kunigombeza."

Hapo ndipo mchukuzi anaachia breki.

Wenzake humwita Polepole. Ana miaka ishirini na sita katika kazi hii, na kwa muda mrefu wagonjwa wa nyonga, watatu au wanne kila wiki, walihamishwa kwa vidonge vya maumivu na kuuma meno.

"Mimi na mwenzangu, marehemu sasa, tulikuwa tunaimba," anakumbuka, uso ukimlainika. "Yeye sauti ya juu, mimi ya chini. Watu walidhani tuna furaha. Kumbe tunafunika vilio, tusivisikie."

Mwaka wake wa kumi na tano kazini aliletwa mama yake mzazi, aliyeanguka uani akianua nguo. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Katikati ya korido sakafu ina ufa, na magurudumu huruka pale.

"Tulipovuka, mama alinishika mkono akasema, 'Polepole, mwanangu.' Sauti ndogo, sijapata kuisikia kwake. Na mama alikuwa msemaji jamani. Akianza habari za majirani, chai inapoa mezani. Siku ile hakuongeza neno lingine njia nzima."

Alisubiri upasuaji siku nne. Alipona, akatembea na mkongojo miaka mitatu, kisha akafariki usingizini.

Sindano za ganzi zilipoanza kutolewa hapa, miaka minne iliyopita, mgonjwa wa kwanza aliyemsukuma alikuwa mzee mmoja mpenzi wa mpira. Mzee huyo alimsimulia mechi nzima, tangu mapokezi hadi eksirei.

"Nilimfikisha, nikatoka nje, nikalia," anasema. "Nilimkumbuka mama. Angenipa habari za mtaa mzima."

Muuguzi wa ganzi bado ni mmoja tu, na mwisho wa wiki hayupo. Wa pili yuko masomoni, atarudi mwakani, mwaka ambao Polepole anastaafu.

"Nimeomba wanisogezee mbele kidogo tarehe ya kustaafu," anasema, akikunja shuka. "Nataka nimsukume mgonjwa mmoja wa Jumapili aliyechomwa ganzi. Tupige soga mpaka mlangoni. Baada ya hapo nakwenda nyumbani kupumzika."