Umri wa Kukadiriwa

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya watoto, katikati ya jiji, Msajili alinikabidhi muhuri akaniambia, "Karani haulizi, karani anaandika." Nilimtii kwa miaka kumi.

Sheria nilijifundisha mwenyewe saa za chakula cha mchana, nikisoma hukumu. Niligundua kwamba kesi nyingi za watoto wanaotumikishwa zilianguka kwenye umri. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa daktari, meno yakaangaliwa, umri ukakadiriwa. Msichana mmoja wa Kinoo, aliyetolewa shule akafanye kazi za ndani Kitisuru, mtaa wa matajiri, aliandikiwa "miaka kumi na tano hadi kumi na minane." Wakili wa mwajiri akashikilia kumi na minane. Mwajiri akaachiliwa.

Kesi kama hizo niliziweka kwenye daftari, na pembeni mwa ukurasa nikapendekeza kifungu cha sheria: mwajiri ndiye athibitishe kwamba aliuliza umri na kuonyeshwa cheti.

Kisha Njeri, kiongozi wa mashtaka, mdogo kuliko kifungua mimba wangu, akateuliwa kwenye kamati ya kurekebisha sheria. Akapendekeza jambo lilelile, bila kujua kwamba nilikuwa nimelifikiria kabla yake. Wakubwa wakamsifu. Nilimwonea wivu hata salamu ikanishinda.

"Mzee wangu, mbona umeninyamazia?"

"Nina kazi."

"Nisaidie basi. Kamati inataka mifano. Nisipoipeleka Ijumaa, kifungu kinaondolewa."

"Kwani huko chuo hawakuwafundisha kutafuta?"

Akacheka. "Walitufundisha. Hawakutuambia tu faili mnazificha wapi."

Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nikaifunga kwa ufunguo.

Jumatano nilipokea kesi mpya: msichana mwingine, hana cheti, umri utakadiriwa. Nilikaa na faili hiyo mchana kutwa. Alhamisi nikampa Njeri daftari.

Ijumaa, mbele ya kamati, mwenyekiti aliuliza, "Nani amekusanya haya?" Niliomba moyoni Njeri ajitaje yeye, nipate sababu halali ya kumchukia. Akageuka, akaninyooshea kidole nilipoketi safu ya nyuma.

"Ni yule mzee. Mimi nimesoma tu."

Kifungu kilibaki kwenye rasimu.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoingia kazini mtaambiwa kwamba wivu huisha na umri. Wangu haujaisha. Njeri akihojiwa redioni kuhusu ule mswada, nazima. Kisha nawasha tena, nisikie kama kifungu bado kimo.