Kiraka cha Gaspar

"Mtumbwi wa baba yangu, halafu anayepigwa picha ni Hilari! Kwani Hilari kazaliwa na nani?"

"Punguza sauti, watu wanatoka misani," alisema Verdiana, dada yake Gaspar. "Mwenzio kautengeneza mtumbwi. Wewe, kabla hujaondoka, ulikuwa unalaza mbuzi humo."

"Mbuzi wangu, mtumbwi wa baba. Hilari hapo anaingiaje?"

Ilikuwa Saba Saba ya mwaka sabini na nne, pale Karema. Ufukweni walikuwa wamepanga mitumbwi ya zamani ya mashindano, ile ya gogo moja, myembamba mpaka unajiuliza watu walikuwa wanakaaje. Kila mmoja na jina lake. Radi ndio ulikuwa wa marehemu Alois, baba yao. Huo, wanasema, ulikuwa ukifika, Alois anawasha sigara, anavuta yote, ndipo wa pili anaonekana.

Sasa Radi ulikuwa umepakwa mawese, unang'aa. Na pembeni yake, mkono kiunoni, Hilari mume wa Verdiana, anawasimulia wageni kutoka Mpanda mashindano ambayo yeye mwenyewe hakuyaona.

Gaspar naye alitoka Mpanda. Sekondari aliiacha, kazi ya reli akaiacha, siku hizi anaziba pancha za baiskeli kule Kashaulili. Alikuja akidhani watasema, huyu hapa mtoto wa Alois. Hakuna aliyesema.

Maana desturi ya pale ziwani ni hii: mtumbwi wa marehemu unaitwa kwa jina la aliyeuziba mwisho. Hawaangalii ukoo, wanaangalia kiraka. Kwa hiyo mzee Anselmo, mwenye kipaza sauti, kila akifika kwenye Radi alitangaza, "Na huu ni wa Hilari!" Watu wanapiga makofi. Gaspar anajisikia kama kakwamwa na mwiba wa samaki.

Aliyeuziba mwisho. Haya basi.

Watu walipoitwa kwenda kula wali, yeye alibaki. Akakata kipande cha debe, akatoa nyundo na misumari kwenye mfuko wake wa pancha, akainama mbele ya mtumbwi. Tundu halikuwepo. Hilari alikuwa kaziba kila ufa kwa utomvu na magome, hakutumia hata msumari mmoja, na Gaspar alijiuliza kidogo kwa nini. Hakujiuliza sana. Msumari wa kwanza uliingia, wa pili ukaingia. Wa tatu, paa! Mti ule mkavu ukapasuka kutoka puani mpaka kwenye kiti cha kwanza.

Hilari alikuja mbio, sahani ya wali mkononi.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naziba."

"Kulikuwa na tundu?"

"Sasa lipo."

Hilari aliinama kuutazama ule ufa. Gaspar alisubiri matusi, hata ngumi, maana majibu alikuwa nayo tayari. Lakini mzee Anselmo alikuwa keshafika na kipaza sauti chake, anauliza, "Huu wa nani vile? Nani kaziba mwisho?"

"Gaspar," alisema Hilari, akaondoka zake na sahani.

"Na huu ni wa Gaspar, mtoto wa Alois!"

Ndivyo hasa alivyotaka kusikia. Akasimama pale, mkono kiunoni, kama alivyomwona mwenzake. Bibi mmoja, Emerensiana, akasogea, akaingiza vidole kwenye ufa.

"Ndio huu uliokuwa unawashinda wote?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hapa umefanyaje?"

"Uzee, bibi."

"Mbona jeraha bichi?"

Akaguna, akaenda zake. Waliomfuata walichungulia kile kipande cha debe, wakacheka, wakapita. Kule kwenye masufuria Hilari alikuwa amekaa chini na Verdiana, hana mtumbwi, hana chochote, lakini wageni walikuwa wamemzunguka, wanamwuliza Alois alikuwa mtu wa namna gani, na Verdiana anamkumbusha alipokosea. Kwenye kile kipande cha debe alibaki Gaspar peke yake.

"Hata hadithi kanichukulia," Gaspar alinong'ona.

Huko chini, karibu na maji, lori la tajiri Manyanda, la kwenda Mpanda, lilikuwa linapakia magunia ya dagaa, na utingo anapiga kelele kwamba wapakiaji hawatoshi.

"Nakuja!" aliitikia Gaspar, ingawa hakuna aliyemwita. Akachukua nyundo yake, akateremka.