Siku Niliyomkana Baba Ukumbini

Jamani, habari hii nimeshaisimulia mara mbili, na mara zote mbili nilikiruka kipande kimoja, kile kinachoniumbua mie mwenyewe, nikawaacha watu wacheke habari ya gauni basi. Leo nasema yote. Chekeni mtakapocheka.

Mie napigaga piano. Si kinanda cha kwaya, ingawa nilianzia hukohuko, kanisani Mwananyamala. Napiga ule muziki wa zamani wa Ulaya, ambao wasikilizaji hukaa kimya kama wapo kwenye chumba cha mtihani. Baba yangu alitoka Singida akiwa kijana, akaendesha mashine ya kusaga unga kule Gongo la Mboto miaka na miaka, mpaka masikio yakafa. Ukitaka akusikie lazima umpigie kelele au umwambie sikioni kabisa, na yeye akiongea anaongea kama mashine bado inanguruma, mtaa mzima unajua kwetu leo tumepika nini. Masomo yangu yote ya piano yametoka kwenye unga ule, lakini yeye hajawahi kusikia vizuri hata wimbo mmoja niliopiga. Alikuwa anakaa tu anaitazama mikono yangu.

Basi nikapata onyesho langu la kwanza la peke yangu, kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, Jumapili saa kumi jioni. Na kichwa changu kilivyokuwa kimejaa! Nilikuwa nimesoma vitabu vya wapiga piano wakubwa, nimetazama filamu ambazo mpigaji anainamisha kichwa, chozi moja linadondoka, ukumbi kimyaa. Baba akafika saa nane, masaa mawili mazima kabla ya muda, kavaa koti lake la harusi, kanyoa ndevu mpaka kajikata. Wageni walipoanza kuingia (madaktari, wahadhiri, wazungu wawili watatu), Baba akanyanyuka katikati ya ukumbi akaniita kwa sauti yake ileile: "MWANANGU, CHOO CHA HUMU KIKO WAPI?"

Watu wakageuka. Mie nikamsogelea haraka, nikamwonyesha choo, na aliporudi nikamwambia sikioni, "Baba, kaa kule nyuma kabisa, kuna feni." Feni ilikuwepo kweli, ila ilikuwa mbovu. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimficha baba yangu, na yeye akanishukuru kwa kumjali.

Nikaanza. Kipande chenyewe kina sehemu tatu, na kati ya sehemu moja na nyingine mpigaji anatua kidogo na hakuna anayepiga makofi, ndio utaratibu. Nikamaliza sehemu ya kwanza vizuri kabisa, nikainua mikono. Baba kwa kule nyuma alichoona ni mikono imeinuka, akajua nimemaliza. Makofi! Makofi ya mtu mmoja, mazito, ya mikono iliyobeba magunia. "HONGERA MWANANGU! HONGERA SANA!" Watu wakacheka, wengine wakamfanyia "shhh", kitu ambacho hawezi kukisikia, na yeye akaanza kuja mbele kwenye ile njia ya katikati, anatabasamu, anakuja kunipa mkono.

Dada wa mlangoni akamuwahi, akamshika kiwiko. Akanitazama pale jukwaani. "Samahani dada, huyu mzee unamfahamu?"

(Hapa mjini mzee yeyote anaweza kukuita mwanangu. Hicho ndicho kilichonipa upenyo.)

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Nilitikisa kichwa tu, mara moja. Baba akasimama. Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama mtu aliyesahau kulivua, halafu akageuka akaongozana na yule dada, na njiani akawa anawaambia waliokaa, "SAMAHANINI. SAMAHANINI JAMANI."

Sehemu ya pili ni ya taratibu, hata mtoto angeiweza. Nikafika mahali fulani vidole vikagoma. Nikarudia. Vikagoma palepale. Mara ya tatu ukumbi ulikuwa kimya kweli, ule ukimya niliokuwa nautamani, na mie nikainuka niondoke, kumbe gauni limenasa chini ya mguu wa kiti, likachanika kuanzia kiunoni, nikaangukia piano kwa kiwiko. Ule mlio ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote niliyopiga siku ile. Watu wakanipigia makofi ya huruma.

Nikatoka nje nimeshikilia gauni kwa mikono miwili. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa maua. "UMEMALIZA? MBONA MAPEMA?"

Nikainama sikioni kwake, na badala ya kuomba msamaha nikadanganya tena: "Baba, yule dada alikosea!"

Akanitazama. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe akaongea kwa sauti ndogo. "Masikio ndiyo yamekufa, mwanangu. Macho bado." Kisha akavua koti lake, akanifunga kiunoni pale palipochanika, akalikaza vizuri kama anamfunga mtoto.

Asubuhi yake nilipiga magoti mbele yake, nikasema ukweli wote. Akasema, "Yameisha." Na kwetu baba akisema yameisha, hakuna kulirudia tena neno hilo, hata kama wewe unaona hayajaisha. Nimeshamwalika kwenye maonyesho manne baada ya hapo. La kwanza mguu ulimuuma, la pili mvua, la tatu alikuwa na mgeni. La nne hata sababu hakutoa, aliniambia tu, "Nyie nendeni, mie nitawaombea."

Nitaendelea kumwalika. Siku akikubali, atakaa kiti cha kwanza, apige makofi popote atakapopenda, nami nitasimama nimwinamie. Na akitokea mtu akauliza kama namfahamu yule mzee, nitajibu kwa kelele mpaka yeye mwenyewe asikie.