Mustari wa Buluu kwa Mlango ya Mzee Ramazani

Najua wengine mulishaisikia huko mutaani Asiatique, na kila mutu anaongeza chumvi yake, basi afazali muisikie kwangu, maana aibu ni yangu mwenyewe.

Mi kazi yangu ni kuandika majina ya maduka. Mwanzo wa wiki ile, dada mumoja wa sanaa na madamu mumoja mwenye kupima ziwa wakaniomba nipake mustari wa buluu kwa kuta za barabara yetu yote, pale maji ya Tanganyika ingefika kama ikiendelea kupanda. Madamu alishaweka alama kwa kalamu, mi nikuwe naziunganisha tu (kuunganisha tu, mutu anakosea wapi?). Nikaanza asubuhi, kabaridi kazuri, na vile napaka nikawa naiona kabisa ile maji, imetulia, samaki mikeke wanapita polepole katikati ya vitenge, na mi napita nao, chai nimeisahau.

Ndoto ikaishia kwa mlango ya Mzee Ramazani. Mzee Ramazani anauza vitenge, na njo baba ya Zuhura, na ijumaa wazee wetu walikuwa waende kwake kuniombea Zuhura. Eko ameketi mlangoni, tasbihi mukononi, akasimama kunisalimia. Alama ya madamu ikawa sawa na kifua chake. Sasa we niambie, utamuzamisha mutu mpaka kifuani, halafu ijumaa umuombe binti? Nikashusha brashi taratibu, mustari ukapita chini ya kizingiti, ukapanda tena upande wa pili. Mzee akatabasamu. Mi nikaona nimeshaoa.

Kumbe majirani wanaangalia. Ilikuwa wakati wa mvua, watu wana woga, na walipoona maji inaruka duka moja tu wakaamini madamu amepima pale ni salama, wakaanza kuleta kwa mzee magunia ya muchele, mashini za kushona, hata godoro mupya ya bibi harusi, na mzee anapokea vyote, anatembea kama mutu aliyebarikiwa.

Alhamisi wakaita watu kuona kazi. Barabara ikajaa. Madamu akachukua ule mupira mwembamba wa maji, ule mafundi wanapimia ukuta, aonyeshe kwamba maji inasimama sawa popote. Ncha moja kwa mustari wa jirani, ingine mlangoni kwa mzee. Maji ikacheza ndani ya mupira, ikatulia kifuani kwa mzee. Mustari wangu uko chini, kwa viatu vyake.

Mama wa muchele akauliza polepole, "Kumbe maji nayo inaogopa baba mukwe?"

Wakacheka, na mi natamani ardhi inimeze. Mzee hakucheka. Aliangalia magunia ya watu, akanipa brashi.

"Umenihurumia mi, ukadanganya hawa wote. Siku maji ikija kweli, mutoto wangu utamwambia ukweli?"

Mi nikaanza kutafuta kopo ya rangi.

"Paka," akasema. "Posa tutaongea rangi ikikauka."

Nikapaka mbele ya wote, na yeye hakutoka mlangoni, hata kanzu yake ikapata buluu kidogo. Toka siku ile brashi yangu haikunji kona, hata kwa waziri. Lakini ile ilikuwa rangi ya mafuta, na mvua ikaanza palepale, na mi nimekaa chini kwa baraza, watu wanarudisha magunia yao wakiniita Bwana Kona, kila mara nagusa kwa kidole, bado inanata.

Zuhura akatoka ndani na kiti, akanisogezea. "Kaa vizuri," akasema, "itachelewa."