Ndege wa Sabato wa Priscah

Priscah Bitutu alikuwa fundi wa nguo sokoni Homa Bay, Mkisii aliyeolewa na Mluo, Msabato wa kutochezewa, na mtu wa mwisho ambaye ungetaka asome ripoti yako ya ndege. Nasema hivyo kwa sababu alizisoma mbili zangu, na zote akazirudisha.

Kundi letu la kutazama ndege lilikuwa na watu kumi na wanne, darubini mbili na kitabu kimoja cha picha kilichokwisha jalada. Levis Onyango, mwalimu wa sekondari, ndiye alikuwa katibu. Akidaiwa kuonekana ndege adimu, ripoti iliamuliwa na watu watatu: Levis, Edith aliyekuwa nesi, na Priscah. Mimi nilikuwa mwanachama wa kunywa chai.

Kanuni ilikuwa moja, na Priscah ndiye aliyeitunga: kwanza daftari, kisha kitabu. Unamwona ndege, unaandika palepale rangi, mdomo, miguu na saa. Ukisubiri mpaka ufike nyumbani, alisema, ndege huanza kufanana na picha. Ken, dereva wa lori la samaki, aliwahi kuleta ripoti nzuri sana, ila alikuwa ameiandika akiwa mjini Oyugis, saa tatu baada ya kumwona ndege wake. Priscah aliikataa bila kupepesa macho. Ken alinuna mwaka mzima.

Ikaja Jumamosi moja ya Juni mwaka wa 1997. Baada ya ibada Priscah alikwenda kumwona mgonjwa, na mnamo saa kumi alikuwa akirudi peke yake kando ya bwawa la mafunjo. Hapo akamwona. Ndege wa kijivu, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, amesimama majini bila kutikisika, mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Ni korongo-nyangumi, ambaye hakuwa ameandikwa hata mara moja katika orodha yetu. Priscah alikuwa amemtamani kwa miaka tisa.

Kalamu ilikuwa mkobani, pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo. Lakini ilikuwa Sabato. Kutazama viumbe vya Mungu siku hiyo ni halali, hata mchungaji huhimiza. Kujaza ripoti, kwa Priscah, kulikuwa kazi, sawa na kukata kitambaa. Basi akasimama, akamkariri ndege yule kama watoto wanavyokariri fungu lao la Sabato: kijivu, macho meupe, kishungi kidogo nyuma ya kichwa, ncha ya mdomo imepinda. Aliyarudia hayo njia nzima. Saa moja jioni, jua likiwa limezama na Sabato imekwisha, aliketi akaandika ukurasa mzima. Kitabu cha picha hakukigusa.

Jumapili asubuhi tulikwenda bwawani sote. Tulikuta nyangenyange weupe tu, na wanawake waliokuwa wakikata mafunjo. Mmoja wao alituuliza kama tumepoteza ng'ombe.

Kikao kilifanyika darasani kwa Levis. Fomu yetu ilikuwa na swali la nne: maelezo yaliandikwa wapi na saa ngapi? Priscah alikuwa ameliacha wazi.

"Nyar Kisii, wewe andika tu ulikuwa bwawani saa kumi," Levis alimwambia, akimwita binti wa Kisii kwa Kiluo. "Nani atajua?"

"Wewe si umeshajua, mwalimu?"

Akachukua kalamu, akajaza: nyumbani, saa moja jioni. Levis alisema yeye anaikubali hivyo hivyo, maana mtu kama Priscah hadanganyi. Edith akasema atafuata uamuzi wa Priscah.

"Ken tulimkataa kwa saa tatu," Priscah alisema. "Na mimi ni saa tatu. Imekataliwa."

Ken alikuwepo. Alisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, na sijivunii. Baada ya hapo maneno yakaanza. Watu wakasema Priscah aliona korongo mzee wa jalalani, yule wa upara, kisha akatafuta pa kutokea. Kinyozi aliyekuwa jirani yake sokoni akawa anamuuliza kila asubuhi kama ndege wake wa kanisa amerudi. Priscah alipunguza kuja matembezini, na alipokuja alitembea nyuma.

Mwezi wa Novemba Levis alipokea bahasha. Daktari mmoja wa Nairobi alikuwa amepita kwetu mwezi wa Juni, na sasa ndipo alipokumbuka kutuma fomu yake. Korongo-nyangumi mmoja, bwawa lile lile, Jumamosi ile ile, saa kumi na moja na dakika kumi. Maelezo yaliandikwa palepale. Alikuwa ameambatisha picha.

Levis alimwekea Priscah fomu hiyo mezani, mbele yetu sote.

"Tufungue yako tena," alisema. "Wewe ulimwona saa nzima kabla yake. Wa kwanza ni wewe."

Priscah aliisoma fomu mara mbili. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mdomo wa yule ndege.

"Yangu tulishaikataa," alisema. "Hii haina kosa."

Akatia sahihi yake chini ya jina la daktari, akampitishia Edith. Kisha akajifunika uso kwa leso na kulia kwa sauti.

"Alikuwepo," alisema. "Jamani, alikuwepo."

Ken ndiye aliyeinuka akamvutia kiti.