Mkunga Aliyekataa Kuketi Chini ya Bango

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikono, maana nusu ya watoto wa pale walipokelewa duniani na mikono yake. Alikuwa mkunga wa hospitali moja kwa miaka thelathini na mmoja, na wodi yake iling'aa hata wageni walivua viatu bila kuambiwa.

Siku ya kumuaga alipostaafu aliingia ukumbini na mumewe, sare nyeupe imenyooka kwa pasi. Juu ya kiti alichowekewa lilitundikwa bango kubwa. Katibu wa mganga mkuu, binti mdogo, alikuwa ameiagiza kompyuta imchoree mkunga wa huku, nayo ikaleta kibibi peku, kimechuchumaa kwenye kibanda cha udongo, chungu cha majani pembeni, mzazi amelala chini.

Mama Mikono alilitazama juu hadi chini. Hakuketi.

Mganga mkuu akamsihi, akisema ni mashine tu, haikukusudia ubaya. Hapo ndipo damu ilipomchemka Mama Mikono.

"Daktari, mashine haina macho. Ninyi mnayo. Nani aliitazama hii akasema, naam, ndiye yeye?"

Katibu, aibu imemjaa, akajaribu tena palepale kwenye simu, akaongeza hospitali, vigae na glavu. Safari hii akatoka daktari mzungu amembeba mtoto, na nyuma yake mwanamke mweusi ameshika ndoo na mopu.

"Kumbe nimepandishwa cheo," akasema Mama Mikono. "Kutoka kibandani hadi kwenye ndoo."

Akamwuliza yule binti kama amewahi kuingia wodi ya wazazi. Hajawahi, mwaka wa nne huu, na wodi ni mlango wa tatu kutoka ofisini kwake. Akamshika mkono, wakawaacha wageni na soda zao. Akamwonyesha vitanda, mtambo wa kuchemshia vyombo, na mkunga kijana akisikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni.

"Nisamehe, mama," binti akasema. "Niliona picha imependeza tu."

"Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu."

Waliporudi, mumewe alikwisha kulishusha bango. Mama Mikono akaketi, akasikiliza hotuba zote, uso mkavu.

Njiani mumewe akamtuliza kwamba yamekwisha. Yeye akamwuliza ni hospitali ngapi zimeshakibandika kibibi kile ukutani, na kama huko kuna aliyegoma kuketi.