Ubavu wa Kulia Kwanza

Kazini walimwita Kimoja-Kimoja, na yeye, maskini, alidhani ni sifa. Alikuwa mkuu wa masjala, chumba cha mafaili chenye kidirisha kimoja cha kuhudumia watu, na katika utumishi wake wote hakuwahi kufungua faili la pili kabla hajalifunga la kwanza. Faili la kwanza likikosa karatasi, basi dunia nzima iisubiri hiyo karatasi. Wajane walisinzia kwenye benchi la korido. Yeye alipuliza vumbi, akanyoosha kona zilizokunjika, akasema kwa upole wa mtu ambaye haraka ya mwenzake haimhusu: "Kimoja kimoja, ndugu zangu. Mambo hayafanywi shaghalabaghala."

Siku aliyostaafu walimpigia makofi marefu sana. Aliguswa mpaka akatoa leso. Hakujiuliza walikuwa wanashangilia nini hasa.

Nyumbani walikuwa wakimngojea wanawake wawili: mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imemgomea, na binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa miguu ya bibi yake. Binti ndiye aliyemwinua Bibi asubuhi, akamwogesha, akamlisha, akamfikisha chooni kwa wakati, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo, na ndoto yake tangu utotoni ilikuwa uuguzi. Lakini baba mtu hakuwa mtu wa kusomesha watoto wawili kwa mpigo. Alianza na kaka mtu, akamsomesha mpaka mwisho: shule, chuo, na kozi juu ya chuo, hadi akawa mhandisi katika mji mwingine. Zamu ya binti ilipofika, mama yao akaugua. Walipomaliza kumzika mama, Bibi akaanguka bafuni.

"Subiri nistaafu, mama," baba akamwambia binti yake. "Nikistaafu, Bibi nitamtunza mwenyewe. Wewe utakwenda zako kusoma."

Binti akasubiri. Baba alipostaafu, binti akaomba nafasi chuo cha uuguzi, akapata. Ada kaka yake alikubali kuilipa, dhamiri ilikuwa inamsuta. Chuo kilikuwa mbali, cha kulala huko huko, nacho hakikupokea mtu aliyevuka umri fulani. Binti alikuwa ameukaribia umri huo kiasi kwamba akikosa mara hii, ndiyo basi tena. Kilichobaki ni kitu kimoja tu. Baba ajifunze kumtunza mama yake.

Hapo ndipo kaka mtu, kwa nia njema inayoleta balaa, alipomtumia mzee zawadi ya kustaafu. Lilikuwa sanduku lenye vipande vya meli ndogo ya matanga, ya mbao tupu, ya kuunganisha mwenyewe. Mzee alilifungua mezani, akaona zile mbao nyembamba zimepangwa kwa ukubwa, akavuta pumzi. Tangu azikwe mkewe hakuna aliyemwona amefurahi vile.

Akaanza. Kwanza mkuku, uti wa mgongo wa meli, akausimamisha katikati ya meza ya chakula. Juu yake akapachika mataruma, zile mbavu, moja baada ya nyingine, na mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri, kwa kuwa mataruma hupachikwa kimoja kimoja. Kisha ikaja zamu ya kuzivika mbavu ngozi ya mbao. Karatasi ya maelekezo ilichora jambo hili hata kwa asiyejua kusoma: ubao mmoja kulia, unaofuata kushoto, unarudi kulia, unarudi kushoto, mpaka juu. Aliitazama akiwa amevaa miwani. Akaivua miwani, akaitazama tena. Kisha akacheka puani.

"Ona hawa! Wanarukaruka huku na huku kama panzi. Ndiyo maana kazi zao haziishi." Akaikunja karatasi vizuri sana, akaiweka kando. Angemaliza ubavu wa kulia kwanza, wote, mpaka juu. Kisha ndipo angeufikiria wa kushoto.

Ndipo nyumba ikageuka karakana. Mbao zililoweshwa kwenye maji moto ili zikubali kupinda, na beseni lililofaa kuliko yote likawa lile la kumwogeshea Bibi. Vibanio vya nguo vilihamia melini kushikilia mbao mpaka gundi ishike, kwa hiyo mashuka ya Bibi yalianuliwa kutoka chini, kwenye mchanga, yakafuliwa upya. Vumbi la msasa lilielea juu ya chai. Watu walikula wamepakata sahani. Mzee hakuona lolote kati ya hayo.

"Baba," binti akasema alasiri moja akiwa mlangoni mwa chumba cha Bibi, "njoo nikuonyeshe namna ya kumnyanyua. Kuna namna yake. Ukikosea unamuumiza bega."

"Nikimaliza ubavu wa kulia, mama. Gundi haingoji mtu."

"Na Bibi je?"

"Bibi yupo. Si yupo?"

Kweli, alikuwepo. Kutoka chumbani ikasikika sauti yake: "Nipo! Sijafa bado. Nikifa nitawaarifu!" Mzee akacheka, akadhani mama yake anamuunga mkono.

Binti alimwita tena siku nyingine, kisha nyingine. Alimwita kwa upole, akamwita kwa ukali. Siku moja alimshika mkono kabisa, akamburuta hadi kitandani kwa mama yake, lakini mzee alipofika alikuwa na ubao umebanwa katikati ya vidole na gundi imeanza kukaza. Ikabidi aukimbize mezani.

Tuseme haki yake: ubavu wa kulia ulitoka mzuri. Mbao zilikaa zikafuatana bila mwanya, ukipitisha kiganja hukwami popote. Alipobandua kibanio cha mwisho alisimama nyuma, akakunja mikono, akajiona mtu. Kisha akainama usawa wa meza, akafumba jicho moja, akaitazama meli yake kutoka nyuma hadi mbele.

Mkuku ulikuwa umepinda kama ndizi.

Akafuta miwani, akaangalia upya, ndizi ileile. Akajaribu kuunyoosha kwa mikono, ukatoa mlio uliomfanya auachie mara moja. Akampigia simu mwanawe mhandisi.

"Baba, usiniambie ulipiga upande mmoja wote kwanza!"

"Sasa nipige pande mbili nina mikono mingapi?"

"Baba, mbao zikikauka zinavuta. Ndiyo maana unaweka huku, unaweka na huku, zivutane sawa. Kwani hukuona picha?"

"Niliziona," mzee akasema kwa hasira. "Nikaona waliochora hawajui kazi."

Mwanawe alicheka mpaka simu ikakatika. Mzee akafanya alichofanya maisha yake yote jambo lilipoharibika: akaamua kuanza upya, kwa utaratibu uleule. Akamwita binti yake. Akamweleza kwamba atalowesha ubavu mzima, abandue mbao zote, aunyooshe mkuku, ndipo arudie. Akimaliza, mambo ya Bibi yatafuata.

"Chuo kinafungua kesho kutwa, Baba."

"Waambie baba yako ana kazi. Wana mioyo, wataelewa."

Binti alimtazama. Alitazama na ile meli, upande mmoja umevaa, upande mmoja mbavu tupu. "Sawa, Baba," akasema, akaingia kwa Bibi, akafunga mlango. Walizungumza humo ndani mpaka giza likaingia. Mzee alisikia lile sawa, akaridhika nalo, kama alivyoridhika na sawa zake zote zilizopita.

Asubuhi aliwahi mezani. Alikuwa na kisu chembamba mkononi, anabandua ubao wa kwanza taratibu, akahitaji maji moto. Akaita. Kimya. Akaita tena kwa sauti ya korido ya masjala. Aliyejibu alikuwa mama yake.

"Hayupo. Ameondoka na basi la alfajiri."

"Ameondoka kwenda wapi? Mbona hajaniaga?"

"Ameniaga mimi. Alilia sana, alikuwa hataki kuniacha. Mimi ndiye niliyemfukuza, nikamwambia nenda, usipokwenda leo nitakulaani. Sasa njoo hapa, nataka chooni."

"Nakuja, Mama. Nimalizie huu mmoja tu, umefika katikati, nikiuacha utapasuka."

Akaumalizia. Aliubandua mzima, bila ufa, akaulaza juu ya kitambaa. Akanawa mikono, akajifuta, akaenda chumbani. Alisimama kando ya kitanda akiwa ameinyoosha mikono mbele, hajui ishike bega, kwapa au kiuno, na hapo ndipo ilipompata harufu. Mama yake alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Shuka lilikuwa limelowa.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaanza kulitafuta jina la binti yake.

"Weka hiyo simu," mama yake akasema bila kugeuka. "Yeye hakuwahi kunichelewesha hata siku moja. Muache."